UZI: Kuwekwa "benchi" na chuo cha Marekani: ni hapana ya heshima, au bado kuna dakika za nyongeza?

#1 Mzee wa Bombo
Wakuu, salaam. Kila mwisho wa Machi, majibu ya vyuo vya Marekani vinavyochuja sana yanapotoka, vijana wetu wa Uganda waliomaliza S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) hupata jibu la tatu: si ndiyo, si hapana, bali "tumekuweka kwenye orodha ya kusubiri". Mtaani tumeshalibatiza jina: benchi. Mimi nasema hiyo ni hapana iliyovaa suti na tai. Anayebisha alete hoja. Na anayejua cha kufanya akitaje kwa tarehe na hesabu, tafadhali. "Kuwa na subira" tumeshaisikia kwa mchungaji na kwa shehe.

#2 Binti wa Arua
Nabisha, mzee, ila nusu. Chuo hakina huruma unayokipa, kina hesabu. Chukua mfano wa kubuni: chuo kinataka wanafunzi 500 wa mwaka wa kwanza. Kinajua kwamba katika kila 100 kinaowakubali, wanaokuja ni 36, wengine huenda kwingine. Basi kinakubali 1,400, kikitarajia 504. Mwaka huo wanakuja 33 katika kila 100, yaani 462. Pengo ni 38. Kulijaza kwa kukubali watu wengi zaidi mwezi Machi ni hatari, kwa sababu wakija wote vitanda vya bweni havitatosha. Benchi ni la kuziba pengo hilo.

#3 Boda_Digrii
Kwa hiyo mtoto ni spea tairi. Nimeelewa.

#4 Mwalimu wa S6
Spea ndiyo hukufikisha Karuma usiku, kijana, usiidharau.

Mzee, hatua ni hizi. Aingie kwenye akaunti yake ya mwombaji abonyeze kwamba anakubali kubaki orodhani. Barua ile peke yake haimweki popote; asiyebonyeza ameondoka, na wengi hupotelea hapo wakidhani wako kwenye foleni. Tarehe ya mwisho imeandikwa palepale.

Kisha achague chuo kimoja kati ya vile vilivyomkubali, alipe pesa ya kushika nafasi kabla ya 1 Mei. Ni dola mia kadhaa na hazirudi, kwa hiyo asiye nazo aandike mapema kuomba asamehewe. Kulipa chuo B huku ukisubiri benchi la chuo A si kosa, na vyuo vyote viwili vinajua ndivyo ilivyo. Kosa ni kulipa kushika nafasi katika vyuo viwili kwa pamoja. Vikigundua, unaweza kukosa vyote.

Baada ya hapo atafute hati inayoitwa Common Data Set ya chuo anachokisubiri, sehemu ya C2. Kuna mistari mitatu: waliopewa nafasi orodhani, waliokubali kubaki, waliochukuliwa mwishowe. Agawanye namba ya tatu kwa ya pili, si kwa ya kwanza. Afanye hivyo kwa miaka 5, maana mwaka mmoja hauoneshi kitu: 2020 korona ilipovuruga mambo, vyuo vingi vilichota sana benchini, na kuna vyuo vyenye jina kubwa ambavyo mwaka mwingine vimechukua sifuri. C2 hiyohiyo huuliza kama orodha ina mpangilio wa nani wa kwanza. Vyuo vingi hujibu hapana, ndiyo maana swali la "niko wa ngapi?" halina jibu hata ukipiga simu.

#5 MtuWaBusia
Hapo ndipo patamu. Kama hakuna foleni, nani huamua?

#6 Binti wa Arua
@MtuWaBusia Pengo ndilo huamua. Wakikosekana wahandisi wanaokuja, wanatafuta mhandisi benchini. Akikosekana mpiga fidla wa okestra, wanatafuta mpiga fidla. Kijana wa uchumi anaweza kuwa na alama kali kuliko wote na asiitwe kwa sababu uchumi umejaa.

#7 MtuWaBusia
Sawa. Jambo la saa: usiku wa 1 Mei, saa 5:59 kwa saa za New York, huku kwetu ni 2 Mei asubuhi, saa 12:59. Tofauti ni saa 7. Msikimbizane na mtandao usiku wa manane bure.

#8 Kalamu ya Mbale
Sahihisho kwa #7. Hesabu yako ni sawa ila kanuni si moja. Maombi yanayopitia Common App, tovuti ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja, hufungwa kwa saa za mahali mwombaji alipo. Akaunti ya chuo chenyewe, ambako mtu hubonyeza kukubali benchi na kulipa, mara nyingi hufuata saa za chuo. Chuo cha California kiko nyuma yetu kwa saa 10 wakati huo wa mwaka. Lililo salama ni kumaliza siku 2 kabla. Umeme wa kwetu haujui Common App.

#9 Ssenga Kisenyi
Nyote mnaruka neno kubwa: pesa. Mtoto anayeomba asaidiwe ada yote ni gharama, na bajeti ya wageni hugawanywa Machi. Ikifika Mei imebaki vijisenti. Ndiyo maana wa nje wenye kuhitaji msaada huitwa wachache kutoka benchini. Hesabu ya bweni ya Binti wa Arua ni kweli kwa Mmarekani anayelipa. Kwa mtoto wa Kisenyi swali la kwanza ni mfuko.

#10 Kalamu ya Mbale
Si kila mahali, ssenga. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa hata kwa mwombaji wa kigeni, na Dartmouth na Bowdoin walijiunga 2022.

#11 Ssenga Kisenyi
Hivyo umetaja saba. Vyuo nchini kwao ni maelfu. Na hata panapoandikwa "hatuangalii uwezo", soma ukurasa wote hadi chini: kuna vyuo vinavyotoa ahadi hiyo kwa waombaji wa kawaida, kisha vinawatoa wa benchi kwa sentensi moja ndogo. Kijana aandikie ofisi ya msaada wa ada, si ya udahili, aulize mambo mawili: je, msaada bado upo kwa wanaotoka benchini, na je, faili langu la CSS Profile (fomu ya kueleza mapato ya familia) limekamilika. Faili lisilokamilika ni kisingizio cha bure. Julai chuo hakitasubiri wiki 3 mzazi akusanye karatasi.

#12 Boda_Digrii
Karatasi gani? Baba muuza mihogo ana karatasi gani?

#13 Ssenga Kisenyi
@Boda_Digrii Ndiyo kazi yenyewe. Asiyekuwa na hati ya mshahara huandika taarifa ya mapato ya mwaka: mauzo ya kila msimu, gharama ya mbegu na usafiri, kilichobaki. Anaweka sahihi, anapeleka kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa) agonge muhuri. Ziandikwe shilingi za Uganda, halafu dola pembeni pamoja na kiwango cha kubadilisha na tarehe yake. Kosa nililoliona mara nyingi kwenye fomu ni kuweka tarakimu za shilingi kwenye kisanduku cha dola. Milioni 6 za shilingi zikageuka dola milioni 6, na mtoto wa muuza mihogo akawa mtoto wa bwanyenye. CSS ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Chuo kikiombwa kinaweza kutoa msamaha, na vingine vinapokea fomu ya ISFAA isiyo na malipo.

#14 Mzee wa Bombo
Mnazidi kunipa ushindi. Pesa hakuna, foleni hakuna, mwaka mwingine sifuri. Hiyo si hapana? Na mmesahau sababu ya nne: watoto wa waliosoma hapo zamani na wafadhili. Kumwambia mfadhili "mwanao hapana" ni aibu, basi anawekwa benchi kwa heshima, na wetu wanawekwa naye ili benchi lisionekane la wakubwa tu.

#15 Kalamu ya Mbale
Ongeza ya tano, mzee. Anayeitwa kutoka benchini mara nyingi ameshaulizwa kwanza kama atakuja. Anayekubaliwa hivyo huja, na asilimia ya wanaokuja inapendeza kwenye takwimu za chuo. Kukubali wachache Machi na kuchota Mei ni namna ya kujipamba.

#16 Mwalimu wa S6
Ya nne na ya tano zina ukweli wake ila haziwezi kuwa sababu ya watu elfu na zaidi kuwekwa orodhani. Hata hivyo sitabishana na Mzee, yeye kura ameshahesabu.

Nirudi kwenye linalowahusu wa Uganda peke yao. Wenzetu wa Marekani wakiwa benchini huwa bado wako darasani, wanatuma alama za muhula. Wa kwetu alimaliza UACE (mtihani wa mwisho wa S6) mwisho wa mwaka, yuko nyumbani. Silaha yake ni matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ambayo hutoka miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati maombi yalishatumwa Januari yakiwa na alama za makadirio tu. Kama hakuyatuma, hiyo ndiyo habari mpya nzito kuliko zote. Ayatume leo.

#17 Fundi wa Skani
Na ayatume vizuri. Ujumbe wa simu wa matokeo kutoka namba 6600 si hati. Picha ya skrini si hati. Kinachotakiwa ni slipu ya matokeo kutoka shuleni, iliyoskaniwa kwa rangi, dpi 300, pembe zote 4 zionekane, PDF moja chini ya MB 2. Mshauri wa shule aipakie au aitume kwa barua pepe ya shule, si ya Gmail ya mjomba. Shule ikiizuia slipu kwa sababu ya salio la ada (hutokea sana), mwalimu mkuu aombwe angalau barua yenye alama na muhuri, huku familia ikilipa kidogokidogo. Chuo kikitaka uthibitisho wa juu zaidi, ofisi za UNEB ziko Ntinda.

Angalia majina pia. Slipu ikisema majina mawili na pasipoti matatu, apate kiapo mbele ya kamishna wa viapo sasa hivi, si Julai.

#18 MtuWaBusia
Swali: A, A, B ziandikweje? Ni alama 17, zigeuzwe GPA (wastani wa alama wa Kimarekani)?

#19 Mwalimu wa S6
Si 17. A ni 6, A ni 6, B ni 5, hapo 17 kweli. Ongeza GP (somo la maarifa ya jumla) pointi 1 na somo dogo, hisabati au ICT, pointi 1. Jumla 19 kati ya 20. Na msigeuze GPA kamwe. Afisa anayesoma faili za Afrika Mashariki anaijua UACE. Mkigeuza mnamfanya ajiulize mmegeuza kwa kipimo gani. Andikeni herufi kama zilivyo na sentensi moja: "Jumla ya juu kabisa ni pointi 20."

#20 Binti wa Arua
Tuje kwenye barua ya kusema bado nia ipo. Ukurasa mmoja, maneno 250 hadi 300, kwa Kiingereza bila shaka, lakini mifupa yake ni hii:

"Mpendwa [afisa wa kanda ya Afrika], nimekubali kubaki kwenye orodha. Mkinipa nafasi nitakuja. Tangu Januari mambo matatu yamebadilika. Kwanza, matokeo ya UACE yametoka: Biolojia A, Kemia A, Fizikia B, pointi 19 kati ya 20, slipu imeambatishwa. Pili, tangu Februari nafundisha hisabati ya S2 mara 3 kwa wiki, wanafunzi 14. Tatu, pampu ya maji niliyoitaja kwenye insha sasa inafanya kazi, na tatizo la vali nililitatua hivi: …"

Hiyo sentensi ya vali ndiyo barua. Iandikwe kwa undani: ilivuja wapi, ikabadilishwa nini. Yote mengine ni adabu. Isirudie insha ya zamani, isilalamike, isitaje vyuo vingine. Itumwe mara moja ndani ya wiki 2 baada ya jibu, kupitia akaunti, na nyingine fupi katikati ya Mei kama kuna jipya la kweli. Chuo kikisema "msitume chochote", msitume chochote. Hapo ndipo wengi hujiharibia.

#21 Boda_Digrii
Na barua ya mbunge? Na ya askofu?

#22 Binti wa Arua
Hapana. Na mama asipige simu kila Jumatatu.

#23 MtuWaBusia
Mwenye mabenchi matatu je? "Mkinipa nafasi nitakuja" awaandikie wote watatu?

#24 Kalamu ya Mbale
Awaandikie. Vyuo vyenyewe vinatongoza watu elfu moja kwa barua ileile.

#25 Ssenga Kisenyi
Banange! Huo ni uongo, na afisa akikupigia ukaanza kubabaika atajua. Neno "nitakuja" ni la chuo kimoja. Wengine uwaandikie "bado nina nia kubwa", ambayo ni kweli.

#26 Kalamu ya Mbale
Ssenga, ukweli wa kimoja na ukimya kwa viwili ni bahati nasibu ya tiketi moja. Tutakubaliana kutokubaliana.

#27 Fundi wa Skani
Juu ya kupigiwa: wakague namba waliyoandika kwenye fomu. Wengi wameandika sifuri ya mwanzo baada ya 256. Iwe +256 halafu 7 moja kwa moja. Simu ya kutoka benchini ikikosa kupatikana, barua pepe hufuata, na muda wa kujibu unaweza kuwa siku 2 au 3 tu. Kijana anayekwenda kijijini bila mtandao amwachie mtu mmoja nywila.

#28 Jinja Road
Nimesoma yote. Swali langu: mwanangu aliwekwa benchi Desemba, bado anasubiri. C2 inamhusu?

#29 Mwalimu wa S6
Ya Desemba si benchi, nyabo. Huko ni kuahirishwa: aliomba mapema, Novemba, na faili lake likasogezwa likasomwe na ya Januari. Jibu lake hutoka Machi pamoja na wengine. Benchi huja baada ya hapo. Kama Machi ilipita kimya, aingie kwenye akaunti yake leo, jibu limo humo.

#30 Jinja Road
Asante, mwalimu. Na Makerere? Aiache?

#31 Mwalimu wa S6
Asiiache hata kidogo. Makerere haina benchi la namna hii, ina hesabu, na hesabu haibembelezwi. Kwa udaktari: Biolojia na Kemia ni masomo ya lazima, huzidishwa kwa 3, linalohusiana, mfano Fizikia, kwa 2, GP na somo dogo kwa 1. Yule mwenye A, A, B wa Binti wa Arua: 18 + 18 + 10 + 1 + 1 = 48. Kwa UCE (mtihani wa S4) ya mtaala wa zamani, kila D1 au D2 ni 0.3, na C3 hadi C6 ni 0.2. Akiwa na D sita na C mbili anaongeza 2.2, jumla 50.2.

#32 Boda_Digrii
Na akiwa msichana anaongezwa 1.5, ni 51.7. Sisi wavulana tuliwekwa benchi tangu 1990.

#33 Binti wa Arua
Tangu 1990 unalia na hujaenda maktaba hata siku moja. Hizo 1.5 ni za vyuo vya umma vya Uganda, Marekani haziendi.

#34 Kalamu ya Mbale
Tusitoke nje ya mada. Jinja Road, nafasi ya udhamini wa serikali ni ngumu zaidi, 4,000 kwa nchi nzima, kwa hiyo akiwa nayo asiichezee kwa ajili ya benchi. Akiwa wa kujilipia, muhula huanza Agosti. Aripoti kama kawaida. Mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ni kwa masomo ya hapa nchini, hausafiri naye.

#35 Fundi wa Skani
Na hapa ndipo benchi la Julai huumiza. Hesabuni: wito tarehe 10 Julai, siku 3 za kujibu, hati za benki na barua ya mdhamini, I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza) wiki moja hadi mbili. Halafu ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, fomu ya maombi ya viza DS-160, ada ya viza dola 185, miadi ya ubalozi Nsambya. Miadi ndiyo hutafuna siku. Chuo kinaanza mwisho wa Agosti, na I-20 ina tarehe ya kuripoti. Anayeitwa Julai aulize siku hiyohiyo: nikichelewa, mtaniruhusu kuanza Januari au mwaka ujao?

Aliyekwisha kulipa SEVIS kwa I-20 ya chuo B asilipe tena. Chuo A kitampa namba mpya ya SEVIS, na malipo huhamishwa kwenye namba hiyo kupitia tovuti ileile ya kulipia. Lakini kama viza imeshatoka, jina la chuo B limechapwa juu yake. Awaandikie ubalozi kabla ya kununua tiketi.

#36 Ssenga Kisenyi
Na asitokee mtu wa kusema "nipe milioni 2 nikutoe benchini". Kubaki benchini ni bure, na hakuna wakala mwenye ufunguo.

La nyumbani pia: msiwatangazie majirani. Mtoto akitoka kununua rolex (chapati ya mayai) kila mtu anauliza "viza iko wapi?" Hilo humchosha kuliko benchi lenyewe. Wakubaliane siku 2 za wiki za kufungua akaunti, Jumanne na Ijumaa jioni, kwa sababu Marekani ndio inaamka. Siku nyingine simu ya baba isiulize.

#37 Boda_Digrii
Na mbuzi wa kuaga asichinjwe.

#38 Mwalimu wa S6
Mbuzi achinjwe kwa ajili ya chuo B. Hicho kimeshasema ndiyo, na hakuna anayekishangilia.

#39 Mzee wa Bombo
Bado nasema hapana iliyovaa suti, ila tai nimeilegeza. Kijana amebonyeza, slipu imetumwa, C2 za miaka 5 tunazitafuta. Swali moja la mwisho kwa Ssenga: hiyo barua ya mapato ya LC1 iandikwe Kiswahili, Luganda au Kiingereza?

#40 Ssenga Kisenyi
Kiingereza, sahihi na muhuri visifunike tarakimu, na namba ya simu ya mwenyekiti iwe inapatikana wakitaka kuthibitisha.

#41 Mzee wa Bombo
Mwenyekiti wetu simu yake ilizimwa tangu siku ya kura.